Paka na buibui nyumba moja: jinsi ya kuishi nao bila kupuliza sumu

Karibuni watazamaji. Kama una paka ndani na pembe za dari yako zina buibui, maelekezo haya ni yako. Naanza na jambo kubwa kuliko yote, ili hata atakayeondoka mapema awe amelipata: buibui wengi wa majumbani kwetu hawana uwezo wa kumdhuru paka. Kinachowaua paka ni dawa tunazopuliza na kumwaga tukiwafukuza hao buibui. Kwa hiyo leo tunatumia tochi, fagio refu, glasi na ndoo ya maji ya sabuni.

Hatua ya kwanza: wajue wanaokaa humu. Ngoja giza liingie, zima taa, washa tochi, zunguka chumba kwa chumba. Tazama pale juu ya pazia. Yule mwenye miguu mirefu, myembamba mno, ukigusa utando wake hujitikisa mwili mzima mpaka humwoni vizuri. Huyo muache. Paka akimkamata akamtafuna, huenda akatoa udenda kidogo kwa sababu ya nywele na nyuzi za utando, basi.

Sasa mulika ukutani, nyuma ya kabati. Huyu mkubwa wa kahawia hafumi utando wa kunasia. Miguu yake ikitandazwa inakaribia upana wa kiganja, na chakula anachokipenda ni mende. Akibanwa anauma, na maumivu yake unayasikia, lakini sumu yake si ya kuua. Huyu ndiye anayempandisha paka juu ya mapazia na makabati, kwa hiyo ukiwa na sufuria motoni funga mlango wa jikoni. Mimi naogopa zaidi mafuta ya moto kuliko huyo buibui.

Wapo pia wadogo wanaoruka, wenye macho mawili makubwa mbele. Ndugu zetu mnaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, mna mmoja wa kipekee. Jina lake la kitaalamu ni Evarcha culicivora, alitambulishwa kisayansi mwaka 2003, na utafiti wake mwingi umefanyika Mbita, Kenya, kwenye kituo cha ICIPE, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa wadudu. Mwaka 2005 watafiti walieleza kwamba buibui huyu, mwenye urefu wa takribani milimita 5 tu, huwachagua mbu majike walioshiba damu na kuwala hao. Ukimwona ukutani kwako, tafadhali usimguse.

Hatua ya pili ndiyo ninayotaka uifanye kwa umakini. Inama. Mulika chini ya viti vya plastiki, chini ya sinki, kwenye vyungu vya maua, ndani ya viatu vilivyokaa muda mrefu, na ndani ya kikapu cha kumbebea paka. Unatafuta utando ulioparaganyika, usio na mpangilio, na wenye nyuzi ngumu. Ndani yake anaweza kuwemo buibui wa kahawia au kijivu mwenye tumbo la mviringo. Ukimwona kwa chini, ana alama ya rangi ya chungwa, kama pembetatu mbili zilizogusana ncha. Mfuko wake wa mayai ndio unaomtambulisha kirahisi zaidi: ni mpira mdogo uliojaa vimiba pande zote. Anaitwa Latrodectus geometricus. Ni mwoga, ukimgusa hujikunja na kuanguka, lakini akibanwa huuma, na jamii yake ina sumu ya mishipa ya fahamu. Mwili wa paka ni mdogo, tusicheze na hilo.

Mtoe hivi. Paka afungiwe chumba kingine. Vaa glavu nene. Chukua kijiti, uzungushe utando wote pamoja na buibui na mayai, kisha tumbukiza kwenye maji ya sabuni na uache humo. Rudia ukaguzi huu kila mwezi, na blanketi la paka likung'utwe na kuanikwa juani.

Hatua ya tatu, usafi wa kawaida. Funga kitambaa chenye unyevu kwenye fagio, pitisha kwenye pembe, vumbi na tandabui zitanasa badala ya kukuangukia. Vyumba vya kulala nafagia vyote. Stoo na veranda naacha. Buibui mmoja mmoja anayekusumbua, mfunike na glasi, pitisha kadi ngumu chini yake taratibu asikatike mguu, umpeleke nje. Wazee wengi wa Pwani huwakataza watoto kuua buibui kwa sababu ya kisa cha pango la Thaur, kwamba buibui alifuma utando mlangoni mwa pango alimojificha Mtume Muhammad wakati wa Hijra, safari yake ya kuhama Makka kwenda Madina. Kwa watu wa nyumba hizo, hatua hii haihitaji kusisitizwa.

Hatua ya nne: punguza kinachowaleta. Buibui hufuata wadudu. Wakati wa masika na vuli, kumbikumbi hujaa penye taa nyeupe, na usiku huohuo buibui wanahamia. Weka taa ya njano nje, ziba matundu ya nyavu za madirisha, usilaze vyombo vichafu, na bakuli la paka lisilale na mabaki kwa sababu ya mende.

Sasa dawa. Hapa naomba msikilize vizuri.

Ini la paka halivunji baadhi ya kemikali ambazo mbwa na binadamu wanazimudu. Ya kwanza ni permethrini, ambayo imeundwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, yanayolimwa Iringa na Nakuru. Usimpake paka dawa ya viroboto ya mbwa, hata tone, maana nyingi zina permethrini nyingi sana. Dawa za kupulizia mbu na mende nyingi ni za jamii hiyo. Ukilazimika kupuliza, mtoe paka na vyombo vyake, na asirudi mpaka sakafu ikauke na hewa ipite. Chandarua kipya chenye dawa kianike kivulini kwanza, na paka asikitafune.

Halafu kuna zile tunazoziita za asili. Mafuta ya karafuu yanasifiwa sana kwa kufukuza buibui, lakini yamejaa eujenoli (eugenol), kemikali ambayo ini la paka linashindwa kuiondoa. Mafuta ya mnanaa vilevile yanaweza kumdhuru. Naftalini kabatini, mafuta ya taa kwenye pembe za sakafu, na zile dawa za kupimiwa kwenye chupa zisizo na lebo: zote nje. Paka hahitaji kuinywa. Anaikanyaga, kisha anajilamba.

Je, paka akiumwa na buibui? Mara nyingi utaona mdomo au mguu umevimba. Weka kitambaa cha maji baridi, mwangalie. Usimpe paracetamol, hata kipande cha kidonge, kwa maana inamuua paka. Wala diclofenac, wala ibuprofen. Akianza kukakamaa, kulia kwa maumivu, kushindwa kusimama au kuhema kwa shida, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo.

Na akiwa amegusa dawa, dalili zake ni kutetemeka, masikio kurukaruka, kuyumba, udenda mwingi, degedege. Kama hana degedege, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mfute, mfunike asipate baridi, kisha mwende kwa daktari wa mifugo. Najua wengi tumelelewa kumpa maziwa aliyekula sumu. Usifanye hivyo. Maziwa hayaondoi sumu, na paka anayetetemeka yanaweza kuingia kwenye mapafu. Usimtapishe pia. Chukua kopo au pakiti ya dawa uliyotumia, uende nayo, daktari asome mwenyewe kilichoandikwa.