Jenerali Alizikwa Siku ya Tatu

Mmeniita niseme juu ya mapenzi ya baba kwa nyumba yake, kwa mfano wa Jenerali Francis Ogolla, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya, na wengine wenu mmeshajua ninakoelekea. Naam, ni yale yale ya gharama za matanga. Nitayasema mpaka yaingie.

Ya jeshini mnayajua. Aliingia Aprili 1984, akapelekwa Jeshi la Wanahewa, akawa rubani wa ndege za kivita, kisha mkufunzi wa marubani. Mwaka 2018 kamanda wa wanahewa, 2023 Mkuu wa Majeshi. Alhamisi, 18 Aprili 2024, helikopta aliyopanda ikaanguka Sindar, Elgeyo-Marakwet. Kati ya watu 12, wawili tu walitoka hai.

Sasa nisikilizeni. Alhamisi amefariki, Jumapili yuko kaburini kwao Alego, Siaya. Bila jeneza! Heshima za kijeshi zote alipewa, Rais yupo, na jeneza hakuna. Alikuwa ameshawausia mkewe na watoto: nikifa, nizikwe ndani ya saa 72.

Kwetu Siaya, saa 72 hata kamati ya mazishi haijapata mwenyekiti. Kaka yangu alikaa mochwari wiki tatu tukichanga. Kila jioni mkutano, kila jioni chai na mandazi, na anayekanda unga ni mjane mwenyewe, macho mekundu kwa moshi na kwa kilio. Jeneza likawa na kidirisha cha kioo na vishikio vya rangi ya dhahabu, kwa sababu mjomba mmoja alisimama akasema jeneza la msonobari ni aibu kwa ukoo. Januari, kifungua mimba wa marehemu alirudishwa nyumbani kwa karo. Nilimkuta amekaa kwenye kiti kile kile alichokalia mjomba. Nikampigia mjomba; hakushika simu.

Najua kuna mzee hapa anasema moyoni, “Huko ni kumdharau maiti.” Mzee wangu, nenda Mombasa. Muislamu akifa asubuhi, jioni kashazikwa kwa sanda, na jeneza lililombeba linarudi msikitini kumsubiri mwingine. Nani amewahi kusema watu wa Pwani hawapendi wafu wao?

Mwingine atasema, “Yule alikuwa mkubwa, nani angembishia?” Ndiyo maana namtaja! Mkubwa ndiye ambaye mali yake huliwa zaidi matangani. Rubani haruki kabla ya kupanga njia, mafuta, na uwanja wa pili wa kutua iwapo wa kwanza umefungwa. Naamini mtu aliyeishi hivyo miaka arobaini hakuweza kumwachia mkewe safari isiyopangwa. Mnaniuliza mapenzi ya baba kwa nyumba yake ni yapi? Mimi nayaona hapo.

Nilitaka kusema juu ya hati za mashamba, na jina la nani liko kwenye fomu yako ya pensheni, maana wengine bado mmeandika mama zenu waliokwisha kufa. Mwenyekiti ananionyesha saa. Karatasi na kalamu za kuandika wosia wa mazishi yenu ziko mezani pale mlangoni. Akina baba, anzeni ninyi.