Ngata ya Hariri: Pigo la Kichwa Linavyochunguzwa Nje ya Kichwa

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, matabibu, wauguzi na wanafunzi mliofika, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya tishu za ubongo zinazoundwa maabara, lakini naomba nianzie mbali kidogo na maabara, kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalijua kuliko mimi: majeruhi wa bodaboda anayeletwa usiku, hakuvaa kofia ngumu, anajibu maswali mawili matatu bila taabu, na kesho yake asubuhi hajui yuko wapi. Pigo lilikwisha jana usiku saa tatu, na jeraha bado linaendelea. Nitakayoyasema leo yote yamo katikati ya nyakati hizo mbili.

Pigo lenyewe huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde. Jeraha la ubongo, kwa upande wake, ni mfuatano wa matukio ndani ya seli unaochukua saa, siku, na kwa baadhi ya watu miaka. Daktari hawezi kulizuia pigo lililokwisha kupita, ila anaweza kutumaini kuuingilia kati mfuatano huo, na taabu yake ni kwamba hauoni. Skani itamwonyesha damu iliyovuja na mfupa uliopasuka, lakini haitamwonyesha seli moja ya neva ikifungua milango yake na kufurika. Hawezi kukata kipande cha ubongo wa mgonjwa kila baada ya saa moja ili atazame kimefikia wapi, na maiti humwachia picha ya mwisho tu, bila ya zile zilizotangulia. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1956, pale mtaalamu wa patholojia Sabina Strich alipoeleza nchini Uingereza ubongo wa wagonjwa waliopoteza akili zao baada ya kuumia kichwa. Alikuta nyuzi za sehemu nyeupe ya ubongo zimeharibika kwa kuenea, si mahali pamoja, na ugunduzi huo ndio msingi wa mengi tunayoyajua leo, lakini aliuona moto baada ya kuzimika.

Kwa miongo mingi njia ya kuuona moto ukiwaka ilikuwa panya. Panya ametufundisha mengi, na sitaki mtu atoke hapa akidhani ninambeza. Lakini ubongo wake hauna mikunjo kama wetu, na sehemu nyeupe, ile yenye nyuzi ndefu zinazokatika kichwa kinapotikiswa, ni ndogo sana ikilinganishwa na yetu. Mkumbuke kisa cha homoni ya projesteroni. Kwa wanyama wa maabara ilionekana kuulinda ubongo uliojeruhiwa, tena katika tafiti nyingi, si moja. Ikapelekwa kwa wagonjwa katika majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2014, moja la watu 882 na jingine la watu 1,195, na katika yote mawili waliopewa dawa hawakupona vizuri kuliko wasiopewa. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kwenye dawa hiyo ana haki ya kuuliza kama tatizo lilikuwa dawa, au wagonjwa, au kipimo, au panya.

Mwaka huohuo wa 2014, kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts katika jimbo la Massachusetts, Marekani, katika maabara ya David Kaplan, na Min Tang-Schomer akiwa mwandishi wa kwanza, lilichapisha maelezo ya tishu waliyoiunda kwa hariri. Nitakaa kidogo kwenye namna inavyotengenezwa, kwa sababu wanafunzi wengi hupita hapo mbio, wakati akili yote ya kazi hii imo humo.

Huanza na vifukofuko vya nondo wa hariri. Huchemshwa katika maji yenye sodiamu kaboneti, ambayo ni jamii ya magadi tunayolainishia maharage jikoni, mpaka gundi iliyoshikanisha nyuzi itoke na ibaki protini ya hariri peke yake. Protini hiyo huyeyushwa ikawa maji mazito, kisha humwagwa juu ya chembe za chumvi ya kawaida zilizochekechwa ili zilingane ukubwa. Hariri ikishaganda, kila kitu hutumbukizwa majini, chumvi huyeyuka na kuondoka, na kila mahali palipokuwa na chembe ya chumvi hubaki tundu. Kinachopatikana ni sponji. Sponji hiyo hukatwa kwa umbo la ngata, ile pete ambayo mama huiweka kichwani kabla ya kujitwika ndoo. Tofauti ni kwamba katika kazi zao za karibuni upana wake ni milimita 6 tu, yaani ni ndogo kuliko kifungo cha shati.

Seli za neva hupandwa ndani ya matundu ya ngata, nazo hushika kuta za hariri na kutulia hapo. Kisha jeli ya kolajeni, laini kama uji uliopoa, humwagwa ili ijaze matundu pamoja na lile duara la katikati. Sasa seli zimepata vitu viwili vilivyopingana: ukuta mgumu kiasi wa kujishikiza, na ulaini wa kunyooshea mikono. Miili yao hubaki kwenye hariri, na nyuzi zao hutambaa kuelekea katikati, zikakutana na nyuzi zinazotoka upande wa pili. Bila mtu kuzipanga moja moja, pete inakuwa kama sehemu ya kijivu ya ubongo, yenye miili ya seli, na katikati panakuwa kama sehemu nyeupe, yenye nyuzi tupu. Katika jaribio lao la mwanzo, ambalo lilitumia seli za panya, zile zilizowekwa kwenye jeli bila hariri zilianza kudhoofika ndani ya saa 24, wakati zile za kwenye ngata ziliendelea na shughuli zake bila kuyumba hadi wiki 5, na tishu yenyewe iliweza kutunzwa kwa zaidi ya miezi 2.

Miezi 2 inaweza kuonekana muda mfupi kwa asiyewahi kulea seli. Mimi nimewahi, miaka kadhaa, katika maabara ambayo sitaitaja. Ijumaa moja umeme ulikatika, jenereta ikachelewa, na mlango wa kiatamizi, kabati la joto la kulelea seli, ulikuwa umeachwa bila kufungwa vizuri. Jumatatu nilipofungua nilikuta ukungu mweupe umetanda juu ya visahani 18 kama manyoya ya kifaranga, na kazi ya wiki 7 ikaenda kwenye ndoo ya taka. Seli za neva hazigawanyiki ili zijaze pengo, ukizipoteza umezipoteza. Kwa hiyo ninaposoma kwamba mtu ameitunza tishu ya namna hiyo kwa miezi, jambo la kwanza ninaloliheshimu ni mikono iliyokuwa ikibadilisha maji yake.

Tishu ikishakomaa, hupigwa. Katika jaribio lile la 2014 watafiti waliangusha uzito juu yake kutoka vimo mbalimbali na kusikiliza umeme wake kabla na baada ya pigo. Mara baada ya kupigwa, tishu ilimwaga glutameti kwa wingi na umeme wake ukachachamaa, mambo ambayo yameonekana pia kwa wanyama na kwa majeruhi. Glutameti si sumu ya kigeni: ni mjumbe ambaye seli za neva hutumiana kila sekunde, nasi tusingeweza kufikiri bila yeye. Lakini akija kwa mafuriko, milango ya seli jirani hukaa wazi, kalsiamu huingia kupita kiasi, vimeng'enya vilivyokuwa vimetulia huamka na kuanza kuitafuna mihimili ya seli kutoka ndani. Mtafiti John Olney alilipa jambo hili jina mwaka 1969 kwa kuwatazama wanyama. Hapa linaonekana kwenye kitu ambacho hakina mnyama, kikipigwa kwa nguvu inayojulikana, katika dakika inayojulikana.

Maabara nyingine zimeliendea pigo kwa njia tofauti. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kundi la Douglas Smith hukuza nyuzi za neva juu ya utando unaovutika, kisha huuvuta ghafla kwa pumzi ya hewa. Mnaijua halua ikiwa bado vuguvugu: ukiivuta taratibu inarefuka, ukiinyakua inakatika. Uzi wa neva una tabia inayokaribia hiyo. Ukivutwa polepole hustahimili, ukivutwa kwa kasi vijiti vilivyomo ndani yake, ambavyo ndiyo reli ya kusafirishia mizigo ya seli, huvunjika, mizigo hukwama, na uzi huvimba hapa na pale mithili ya shanga. Vivimbe hivyo ndivyo wataalamu wa patholojia walivyoviona kwa muda mrefu kwenye maiti bila kujua vilianza vipi. Wapo pia wanaotumia vijibongo vya seli shina, yaani seli ambazo bado zinaweza kugeuka kuwa za aina mbalimbali, vile ambavyo mtafiti Madeline Lancaster na wenzake wa Vienna walivitangaza mwaka 2013, ambavyo hujijenga vyenyewe bila kiunzi. Ni vya ajabu kuvitazama, ila kwa kazi ya pigo mimi ningechagua ngata, kwa kuwa kijibongo kimoja hakifanani sawasawa na chenzake, na ukivipiga viwili huwezi kuwa na hakika kama tofauti unayoiona imetokana na pigo au na maumbile.

Niwaletee sasa tokeo lililonifanya nikubali kuja kuzungumza. Januari 2025, watafiti Dana Cairns, Ruth Itzhaki na Kaplan, pamoja na wenzao, walichapisha kazi ambayo safari hii ilitumia seli za binadamu katika ngata ileile. Baadhi ya tishu waliziambukiza kirusi cha hepesi cha aina ya kwanza, kile kinacholeta malengelenge mdomoni, wakakiacha kilale. Kirusi hiki si kigeni kwetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 wanacho, wengi wao bila kujua. Kisha tishu zikapigwa mapigo hafifu, yaliyopimwa, mara moja au zaidi. Zenye kirusi kilicholala, zilipopigwa tena na tena, kirusi kiliamka, na baada yake zikaonekana protini za amiloidi na tau, zile zinazokutwa katika ubongo wa wenye ugonjwa wa Alzheimer, ule unaopoteza kumbukumbu, pamoja na seli saidizi zilizochokozeka kwa uvimbe. Kadiri mapigo yalivyoongezeka, ndivyo dalili zilivyozidi. Tishu zisizo na kirusi hazikufikia hali hiyo.

Nawasihi mlisome tokeo hilo kwa jicho la karani wa ghala, anayehesabu kilichomo na kisichomo. Kuna sehemu ambapo watafiti walimzuia mjumbe mmoja anayechochea uvimbe, intalukini-1 beta, na amiloidi haikutokea. Wengi wamelinukuu jambo hilo kana kwamba lilifanyika kwenye ngata. Halikufanyika huko, bali kwenye seli zilizotandazwa bapa kwenye kisahani na kukwaruzwa. Watafiti wenyewe wameandika hivyo waziwazi. Ni wasomaji tunaoruka. Vilevile tishu hizo zilikuwa na urithi wa jeni ya APOE4, ile inayoongeza hatari ya Alzheimer, ambao si kila mtu anao. Kwa hiyo mchezaji wa mpira wa miguu mwenye malengelenge hajaambiwa lolote juu ya nafsi yake na kazi hii.

Tena ngata haina mishipa ya damu, haina moyo unaoisukumia chochote, haina fuvu. Wauguzi wa chumba cha uangalizi maalumu wanajua maana yake: mgonjwa wao mara nyingi huuawa na ubongo unaovimba ndani ya sanduku la mfupa lisilotanuka, mpaka damu ikashindwa kupanda. Ngata ikivimba huvimba tu, ina nafasi tele. Aliyeitengeneza hakusahau fuvu. Ameliondoa kwa makusudi ili aione seli peke yake, na kila swali linalohusu shinikizo la kichwa itabidi lipelekwe kwingine.

Lipo swali moja ambalo ningependa lipelekwe kwenye ngata, nalo linatoka barabarani kwetu. Kijana wa bodaboda akianguka leo akapata mtikisiko mdogo wa ubongo, keshokutwa anarudi kazini kwa sababu pikipiki ni ya mkataba na tajiri anataka hesabu yake ya siku. Akianguka tena baada ya siku mbili, je, ni sawa na kuanguka tena baada ya mwezi? Katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, maabara ya Barclay Morrison iliwahi kuvuta mara mbili vipande vya ubongo wa panya vilivyohifadhiwa hai. Mvuto wa pili ulipokuja baada ya saa 24, madhara yalizidi yale ya mvuto mmoja. Ulipocheleweshwa hadi saa 144, hayakuzidi. Saa 144 ni siku 6 za panya, ndani ya kisahani, na sitamwambia kijana yeyote apumzike siku 6 kisha apande. Lakini ngata yenye seli za binadamu inaweza kupigwa Jumatatu na kupigwa tena Jumatano, na jirani yake ikapigwa Jumatatu na kuachwa mpaka mwezi ujao, zote zikiwa kwenye kiatamizi kimoja chenye nyuzi joto 37, zimetoka kwa mchangiaji mmoja, zimepata pigo la nguvu moja. Mwenyekiti, naona muda wangu umekwisha, na dada pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja mkataba wa pikipiki.