Handaki la Hoosac: Mwamba Mgumu na Mwamba Mlaini

Mabibi na mabwana, karibuni. Tuanze na ramani. Katikati ya karne ya 19, nafaka ya Marekani ilitoka magharibi kwa Mfereji wa Erie, ikafika mto Hudson, kisha ikateremka New York. Boston ilikuwa na bandari nzuri ila mzigo haukuifikia kwa urahisi. Reli iliyokuwapo ilipita kusini mwa jimbo la Massachusetts, ikipanda milima kwa miinuko mikali. Upande wa kaskazini njia ilikuwa nafuu, isipokuwa kwa kizuizi kimoja: mlima Hoosac.

Alvah Crocker, mwenye viwanda vya karatasi huko Fitchburg, ndiye aliyeipigania zaidi reli ya Troy and Greenfield. Kazi ilianza mwaka 1851. Handaki lina urefu wa futi 25,081, kama kilomita 7.6, na treni ya kwanza ilipita tarehe 9 Februari 1875. Miaka 24! Watu wengi huulaumu ugumu wa mwamba. Sikubaliani nao sana. Mwamba mgumu ulipatiwa dawa. Ule mlaini ndio uliokula fedha na muda, na mtaona kwamba haujamaliza.

Hata hivyo, ule mgumu ulianza kwa kejeli. Upande wa mashariki waliletewa mtambo wa tani 70 hivi, uliotarajiwa kuchonga tundu la mviringo la upana wa futi 24. Ulisogea futi 10 tu, ukakwama. Basi wakarudi kwenye nyundo. Mmoja anashika patasi ndefu, wawili wanapiga kwa zamu, na kila baada ya pigo mshikaji huizungusha kidogo. Asipoizungusha, ncha hujichimbia mfereji na kunasa, na tundu linapotea. Likishatosha, linasafishwa, linajazwa baruti nyeusi, linashindiliwa udongo, utambi unawashwa, watu wanakimbia. Kisha mnangoja moshi utoke.

Mabadiliko yalikuja jimbo lilipouchukua mradi, na Thomas Doane akawa mhandisi mkuu mwaka 1863. Alijenga bwawa kwenye mto Deerfield ili maji yaendeshe mitambo ya kushindilia hewa. Hewa hiyo ilipelekwa kwa mabomba hadi ndani na kuendesha mashine za kuchoronga za Charles Burleigh, kuanzia 1866. Faida yake ilikuwa maradufu: baada ya kuisukuma mashine, hewa ile ile iliwapa wachimbaji pumzi. Mvuke usingewezekana humo.

Baruti nyeusi nayo ilikuwa dhaifu: inasukuma mwamba kuliko kuuvunja. George Mowbray akaanza kutengeneza nitrogliserini, kilipuzi kikali cha majimaji, papo hapo karibu na mlima. Wakati ule iliaminika kwamba ikiganda ndiyo huwa hatari zaidi. Majira ya baridi fulani, gari la kuteleza thelujini lililobeba makopo yake lilipinduka. Mzigo ulikuwa umeganda, na haukulipuka. Tangu hapo Mowbray akaisafirisha ikiwa barafu. (Msije mkadhani ni salama kabisa: hatari iko kwenye kuiyeyusha.) Walitumia pia fyuzi za umeme, ili matundu mengi yalipuke kwa pamoja.

Katikati ya mlima, kwenye bonde lililo kati ya vilele viwili, walichimba shimo la wima la futi 1,028, ili kazi iende pande nne badala ya mbili. Hapo ndipo palipotokea msiba mkubwa. Tarehe 17 Oktoba 1867, mvuke wa mafuta yaliyotumika kuwashia taa ulishika moto kwenye nyumba ya winchi juu ya shimo. Nyumba iliungua, patasi na magogo yakaporomokea chini, pampu zikasimama, maji yakapanda. Watu 13 walikufa. Miili ya baadhi yao ilipatikana miezi mingi baadaye, ikiwa juu ya chelezo walichojiundia ndani ya maji.

Shimo hilo lilikuwa pia mtihani wa upimaji. Mstari ulipimwa juu ya mlima kutoka kilele hadi kilele, kisha ukateremshwa kwa timazi mbili ndani ya shimo. Fikirieni: timazi mbili zilizotengana kwa futi chache tu, zielekeze uchimbaji wa maelfu ya futi. Kosa la unywele hapo juu linakuwa hatua nzima kule mbele. Tarehe 27 Novemba 1873, pande mbili za mwisho zilipokutana chini ya wakandarasi ndugu Walter na Francis Shanly kutoka Kanada, tofauti ya mistari ilikuwa 9/16 ya inchi.

Sasa magharibi, upande wa North Adams. Mwamba wa hapo ulikuwa umeoza na kujaa maji; ukichimbwa, unatiririka kama uji. Baruti haina kazi kwa uji. Ilibidi kuweka mihimili minene ya mbao, kuchimba kidogo, kisha kujenga duara kamili la matofali, pamoja na tao lililogeuzwa chini ya reli. Bila tao hilo, udongo husukuma sakafu juu na kuta hukaribiana. Matofali yaliyotumika yanakadiriwa kuwa milioni 20.

Moshi wa vichwa vya mvuke ulisumbua hadi 1911, handaki lilipowekewa umeme, nao ukatumika hadi dizeli ilipouondoa mwaka 1946. Njia mbili zikapunguzwa kuwa moja mwaka 1957, na baadaye sakafu ikachimbwa chini ili mabehewa yenye kimo kirefu yapite.

Februari 2020 sehemu ya handaki iliporomoka na treni zikasimama hadi Aprili. Mahali penyewe palikuwa karibu na mlango wa magharibi.