Kufuma na Kufumua

Assalaam alaikum. Wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mlioegemea ukuta huko nyuma, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa niseme kuhusu kazi za mikono. Huu ni mji ambao mwanamume hukaa barazani miezi na miezi akishona kofia moja ya viua, tundu kwa tundu, kwa hiyo watu wa Amu, Lamu yetu hii, sitawaeleza thamani ya mkono. Nitasema jambo moja nililolijua kwa vidole vyangu: raha ya kazi ambayo ukikosea hupotezi kitu.

Mimi nina kazi mbili. Mchana nafua fedha, usiku nafuma kroshia. Watu huniuliza zinakutana wapi, maana moja ni ya moto na nyundo, nyingine ni ya uzi na sindano ya kulabu. Zinakutana hapa: fundi wa milango akipitisha patasi pasipo pake, mti ule haurudi. Uzi hurudi. Fedha hurudi.

Tuanze na uzi. Lugha yetu ilikwisha kulisema: kufuma, kufumua. Unavuta ncha, na kazi ya usiku mzima inakuwa uzi tena, haujapungua hata shubiri. Kitambaa cha duara, kwa vitanzi vifupi, huanza na vitanzi 6. Mzunguko wa pili viwe 12, wa tatu 18, wa nne 24. Kila mzunguko unaongeza 6, na kitambaa kinalala mezani kimetulia. Ukizidisha, kingo zinapanda na kushuka kama bahari ya kusi. Ukisahau kuongeza, zinajikunja juu na unapata bakuli. Nilipokuwa msichana changu kilijikunja hivyo, nikalia. Mama akakichukua, akamvika mdogo wangu kichwani. Kumbe ndivyo kofia ya kroshia inavyofumwa! Unaongeza mpaka upate upana wa utosi, kisha unaacha kuongeza, na uzi wenyewe unashuka kuelekea masikioni. Kosa langu lilikuwa kofia iliyonijia kabla sijaijua. Siku ile ndiyo niliyoipenda kazi hii.

Sasa fedha. Fedha tupu ni laini mno, pete yake hupinda upesi, kwa hiyo huchanganywa na chuma kingine, aghalabu shaba: sehemu 925 za fedha katika kila 1,000. Hiyo ndiyo ile 925 ndogo mnayoiona ndani ya pete. Unaiyeyusha, unaimimina kwenye kalibu, unaifua iwe ufito. Ukitaka uzi, unauvuta kwenye chamburo, bamba la chuma lenye matundu, tundu hili, kisha lililo dogo zaidi, kisha dogo kuliko hilo. Ila kadiri unavyoifua ndivyo inavyokuwa ngumu, na ukiilazimisha hupasuka. Inataka moto. Unaipasha mpaka ionyeshe wekundu hafifu, unaitia majini, na inalegea upya kama vile haijawahi kupigwa nyundo. Wekundu ule hauonekani kwenye jua kali. Ndiyo sababu pembe ya moto katika karakana ya sonara huwa na giza giza. Hafichi siri, anasoma rangi.

Kikuku changu cha kwanza nilikifua siku tatu. Nikatia tinkali ya kusaidia lihamu itiririke, nikaweka lihamu yenyewe ya kuungia ncha, kisha nikauacha moto mahali pamoja kupita kiasi. Ncha mbili zikajikusanya mbele ya macho yangu, zikawa tone moja linalong'aa. Mwalimu wangu hakunigombeza. Alikiweka kwenye mizani, akanionyesha uzito, akanisogezea kalibu.

Bibi zetu hili walilijua vyema. Reale za Maria Theresa, sarafu za zamani zenye mwaka 1780 hata zilipopigwa miaka mingi baada ya huo, zilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, nyingi yake ikiwa fedha, na masonara waliziyeyusha kufanya mapambo. Furungu la bibi laweza kuwa lilikuwa pesa mfukoni mwa mfanyabiashara, na kesho likawa vipuli vya mjukuu.

Niseme kidogo kuhusu pete za vigae, maana vijana wengi wananiuliza. Nazipenda. Unasugua kigae cha sahani ya Kichina mpaka kikae sawa, unakizungushia ukingo mwembamba wa fedha, unaukunja taratibu usije ukakivunja. Lakini nawaomba sana, msiende kuchimba kwenye magofu ya Shanga, Pate wala Takwa. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inayalinda magofu hayo, na zaidi ya sheria, kigae si fedha. Kikishang'olewa kilipolala, habari kilizokuwa nazo za nyumba ile na watu wake hazikusanyiki tena kwa moto wowote. Sahani iliyovunjika jikoni kwenu inatosha, tena ina kumbukumbu zenu.

Basi. Hapo mkekani kuna uzi wa pamba, na kulabu za milimita 3 na za milimita 4. Anayeanza achukue ya 4. Fundo la kwanza nitapita nikiwaonyesha mmoja mmoja. Mkifika mzunguko wa tatu, simameni mhesabu. Mtu akipata 17, aniite, tufumue pamoja.