Kipande Kisichokatika: Kusoma Jeni ya Seli Mundu kwenye Jeli

Ndugu wanafunzi na walimu wenzangu, leo ninaomba tukae na jeli moja tu (bamba laini la kutenganisha vipande vya DNA kwa umeme), ile inayotafuta badiliko la seli mundu katika jeni ya beta-globini, ambayo ni sehemu ya hemoglobini ya damu.

Katika jeni iliyo salama kuna mahali ambapo herufi za DNA husomeka CCTGAGG. Palipo na badiliko, herufi A imekuwa T, na pale panasomeka CCTGTGG. Kimeng'enya kiitwacho MstII, ambacho watafiti wa Marekani walikwisha kukitumia kwa kazi hii mwaka 1982, hukata mfuatano ule wa kwanza na kuupita wa pili kana kwamba hakikuuona. Siku hizi sehemu hiyo huzidishwa kwanza kwa PCR, yaani njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi. Tuseme sisi tumepata kipande cha jozi za besi 500, ambacho kikikatwa hutoa cha 300 na cha 200.

Ili kuvitenganisha, tunayeyusha gramu 2 za agarosi katika mililita 100 za bafa, yaani maji ya chumvi yanayopitisha umeme (agarosi hutokana na mwani, ingawa si ule wa Paje na Jambiani kule Zanzibar, ambao hutoa karajinani, dutu nyingine ya kugandisha), tunaimimina kwenye trei yenye kitana, na ikishaganda tunachomoa kitana, vikabaki vishimo. Sampuli iliyochanganywa na rangi na gliseroli huzama humo taratibu, kama asali ndani ya maji, mradi mkono usitetemeke. Kwa kuwa fosfati za DNA zina chaji hasi, umeme ukiwashwa vipande vyote huelekea ncha chanya, vidogo vikipenya matundu ya jeli kwa wepesi na vikubwa vikikwamakwama nyuma. Anayegeuza nyaya huona sampuli zikirudi nyuma na kupotelea katika bafa. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe, tena mbele ya wanafunzi.

Chini ya taa ya urujuanimno, AA, mwenye jeni mbili salama, huonyesha mistari miwili (300 na 200), SS, mwenye mbili zenye badiliko, mmoja wa juu (500), na AS, aliyerithi jeni moja ya kila aina, yote mitatu. Hapo wengi hufunga daftari, nami naomba msifunge. Kimeng'enya kilichoharibika kwa kuachwa nje ya friza hakitakata hata jeni salama, na mtoto asiye na ugonjwa ataonekana SS. Kikikata nusunusu, ataonekana AS. Mstari wa 500 ni uleule, uwe umetokana na ugonjwa au na uzembe wetu, na hakuna jicho, hata la mzoefu, linaloweza kuutofautisha.

Ndiyo maana, kando ya ngazi ya vipimo (vipande vya DNA ambavyo urefu wake unajulikana), tunaweka sampuli za AA, AS na SS ambazo majibu yake yanajulikana, zikiwa zimekatwa kwa kimeng'enya kilekile, siku ileile. Tunaanza kusoma ile ya AA. Ikiwa na hata kivuli cha mstari pale kwenye 500, hatuandiki jibu la mtoto yeyote. Tunafungua chupa mpya ya kimeng'enya na kukata upya sampuli zote.