Kazi Yenye Mwajiri Mmoja: Maisha ya Mchezaji wa Mpira wa Australia

Ndugu zangu wazazi, na ninyi vijana mliokaa huku mbele, asanteni kwa kuitikia mwito.

Nianze na jambo linalowapotosha wengi waliokulia kwenye soka. Mwanasoka akiachwa na klabu ya Dar es Salaam anaweza kusajiliwa Nairobi, Lusaka au Uarabuni. Mchezaji wa mpira wa Australia hana pa kukimbilia. Ligi inayoweza kumlipa mtu mshahara wa kuendesha maisha ni moja tu duniani, AFL. Ina klabu 18, na ya 19, ya Tasmania, imepangwa kuingia mwaka 2028. Kila klabu ina wachezaji 40 na ushei, na siku ya mechi ni 23 tu wanaovaa jezi. Kila mwisho wa mwaka vijana wapya wanaingia, na ili waingie, wengine lazima watoke. Kila uamuzi wa kazi hii unatokana na hesabu hiyo.

Mlango wa kuingilia ni drafti, yaani zoezi la kila mwaka la klabu kuchagua vijana wapya kwa zamu, lililoanza 1986. Klabu iliyoshika mkia ndiyo inayochagua kwanza. Kijana hachagui klabu, klabu ndiyo inayomchagua, kwa hiyo mtoto wa Perth anaweza kujikuta Brisbane akiwa na miaka 18, mbali na mama yake. Sharti la umri ni awe ametimiza miaka 18 ifikapo Desemba 31 ya mwaka wa drafti. Aliyezaliwa Desemba anapimwa pamoja na aliyezaliwa Januari, aliyemzidi karibu mwaka mzima wa kukua. Wazazi wa watoto wa Desemba, msivunjike moyo mtoto akionekana mdogo kwenye majaribio. Na kwa familia zetu za wahamiaji hapa Australia kuna jambo la kufuatilia mapema: klabu zina akademia za vijana wa jamii za wenyeji wa asili wa Australia na wa jamii za wahamiaji, wakiwemo waliozaliwa Afrika, na klabu iliyomlea kijana hupewa nafasi ya kumchukua klabu nyingine inapomtaja kwenye drafti. Ulizeni mnaishi kwenye eneo la klabu gani.

Kabla ya drafti kuna vipimo: mbio za mita 20, kuruka juu, wepesi wa kugeuka, na mbio za kilomita 2. Vijana huvihangaikia mno. Maskauti wameshatazama mechi zao msimu mzima, na wanachokitafuta kwanza ni teke.

Hapa nitakaa kidogo, maana teke ndilo linalowaangusha wengi wanaochelewa kuanza mchezo huu. Mpira wenyewe una ncha mbili. Ushike kwa mikono miwili, vidole vimetanuliwa pembeni, ncha moja ikielekea chini. Mkono wa upande wa mguu unaopigia ndio unaouongoza mpira, na ule mwingine unatoka kwanza. Uachie kwenye usawa wa nyonga, karibu na mguu, ufike bila kupinduka. Kaza kifundo, nyoosha vidole vya mguu, upige theluthi ya chini ya mpira kwa mgongo wa mguu. Ukipigwa vizuri huzunguka kinyumenyume na kwenda umenyooka. Ukiurusha juu kabla ya kupiga, upepo unaugeuza. Mkono ukiuvuta kuelekea katikati ya mwili, mpira utakwenda pembeni. Kifundo kikilegea, unaelea na kufia njiani. Kwa hiyo teke likiharibika, chunguza mkono kwanza, kisha mguu. Pasi ya mkono nayo haitupwi: mpira unawekwa kwenye kiganja kimoja na kupigwa kwa ngumi ya mkono wa pili. Ukiutupa, wapinzani wanapewa mpira.

Wachezaji wa kati hukimbia kilomita 12 hadi 15 kwa mechi. Maandalizi huanza Novemba, wachanga wakitangulia kurudi, na msimu hufunguliwa Machi. Msuli wa nyuma ya paja ndio unaochanika mara kwa mara, hasa kwa aliyekaa nje kisha akarudishiwa mbio za kasi zote kwa wiki moja. Kasi huongezwa hatua kwa hatua. Kocha wa viungo akikuzuia, mtii. Kano ya mbele ya goti ikikatika, hesabu miezi 9 hadi 12. Hata kanuni zimewahi kubadilishwa kwa ajili ya magoti: tangu 2005 warefu wanaorukia mpira katikati ya uwanja wamewekewa duara la mita 10 la kuanzia, kwa sababu walikuwa wanakuja kwa kasi kutoka mbali na kugonganisha magoti.

Mtazameni Aliir Aliir. Alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, mwaka 1994, wazazi wake wakitoka Sudan Kusini. Klabu ya Sydney ilimchukua kwenye drafti ya 2013, akiwa chaguo la 44. Mechi yake ya kwanza ilikuja 2016. Misimu miwili mizima alicheza kikosi cha akiba, na mwaka huohuo aliotokea, goti likamnyima fainali. Mwishoni mwa 2020 akahamia Port Adelaide, na 2021 akatajwa katika kikosi bora cha ligi nzima, kama beki anayesoma teke la mpinzani na kulidaka hewani. Ninamtaja kwa sababu ya subira ile, na kwa sababu alipata nafasi inayolingana na mwili wake na macho yake.

Kuhama hakuna ada. Klabu hubadilishana wachezaji na zamu za drafti, mwezi wa Oktoba. Mchezaji huanza kupata uhuru wa kuondoka baada ya misimu 8 katika klabu moja, ila akiwa katika robo ya wanaolipwa zaidi klabuni, klabu yake ina haki ya kulingana na dau aliloahidiwa na klabu nyingine; kwake uhuru kamili huja kwa kawaida baada ya misimu 10. Wengi hawafiki huko. Mkataba wa kwanza ni wa miaka miwili au mitatu tu.

Kuhusu kichwa, naomba mnisikilize vizuri. Katika AFL, aliyepata mtikisiko wa ubongo hakai nje chini ya siku 12, na hurudi kwa hatua, kila hatua ikiwa na kibali cha daktari. Kijana atataka kuficha dalili kwa sababu anaogopa kupoteza nafasi. Angus Brayshaw wa Melbourne alistaafu Februari 2024, akiwa na miaka 28, kwa ushauri wa madaktari, baada ya kugongwa kichwa kwenye mechi ya mchujo ya 2023. Mzazi ukiona mtoto anaumwa kichwa, anachukia mwanga au anasahau alichoambiwa asubuhi, mpigie daktari wa klabu wewe mwenyewe.

La mwisho ni masomo. Chama cha wachezaji husaidia wanachama kusoma na kupata ujuzi wakiwa bado wanacheza. Kijana ajiandikishe mwaka wa kwanza, somo moja au mawili kwa muhula, akianzia kwenye ile siku ya wiki asiyofanya mazoezi. Akisubiri hadi barua ya kuachwa, mshahara utakuwa umekatika kabla ya muhula kuanza.