Neno "Incidentals": Kwa Nini Hoteli ya Marekani Inashikilia Pesa Zako

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi, karibuni tena. Leo tunalichambua neno moja la Kiingereza, incidental. Kamusi itakwambia ni kitu kidogo kinachoambatana na kikubwa. Ni kweli, ila ukija huku Marekani na maana hiyo tu, utakwama mapokezi.

Tuseme chumba umeshakilipia mtandaoni na risiti unayo. Unafika, mhudumu anaomba kadi "for incidentals". Usianze kugomba, hakutozi chumba mara ya pili. Neno likiwa na s mwishoni, hotelini ni matumizi ya ziada unayoweza kuyafanya ukiwa pale: soda ya kwenye friji ya chumbani, chakula cha kuletewa, maegesho ya gari. Na wanajikinga humo humo dhidi ya uharibifu na faini ya kuvuta sigara. Kwa hiyo wanaiagiza benki ishikilie kiasi fulani, mara nyingi kati ya dola 50 na 200. Kuna wanaoshika mara moja tu, kuna wanaohesabu kila usiku. Usiku 4 kwa dola 50 tayari ni dola 200.

Sasa hapa sikilizeni vizuri. Ukitoa kadi ya mkopo, kinachopungua ni kiwango unachoruhusiwa kukopa. Ukitoa kadi ya debiti, zinazofungwa ni pesa zako mwenyewe. Akaunti ina dola 260, hoteli imeshika 200, kesho unakata tiketi ya basi ya dola 75: kadi inakataa, na wewe unaapa hujatumia hata senti. Ukishaondoka hoteli inaziachia, lakini benki ina mwendo wake. Ni siku kadhaa, na kwa debiti inaweza kufika wiki au hata kuzidi. Kadi za kulipia kabla (prepaid) hoteli nyingi hazizitaki kabisa.

Basi piga simu kabla ya safari, na sentensi ni hii, inakili: "How much is the hold for incidentals, is it per night, and do you accept debit cards?" Siku ya kuondoka omba bili iliyochanganuliwa uisome ukiwa bado pale kaunta. Soda ambayo hukuinywa ni rahisi kufutwa hapo kuliko kwa barua pepe ukiwa Dodoma.

Mnaoalikwa kwenye mikutano, tafuteni maneno haya kwenye barua ya mwaliko: "room and tax only". Maana yake mwenyeji analipa chumba na kodi yake, incidentals ni juu yako, na kadi utaombwa vilevile.

Halafu kuna posho ya safari ya serikali ya Marekani, ambako maana inabana zaidi. Kwa safari za ndani ya nchi, incidental expenses huko ni bakshishi za wapagazi na wahudumu wa hoteli, dola 5 kwa siku. Kufua nguo hakumo! Kwa hiyo kwenye fomu yoyote, soma kwanza wao wanalitafsiri vipi.

Likija bila s, likifuatwa na to, mambo ni mengine: "risks incidental to the work" ni hatari zinazoendana na kazi yenyewe. Usidhani ni hatari ndogo. Za mpanda nguzo za umeme zinaua.

Hospitali nako utalisikia, "incidental finding". Umepigwa picha ya CT kwa sababu ya kikohozi, wakaona uvimbe kwenye figo ambao hawakuwa wakiutafuta. Daktari hajasema ni kitu cha kupuuza, wala hajasema ni saratani. Muulize ukubwa wake kwa milimita, kama upo kwenye picha zako za zamani, na kama kuna kipimo cha kurudia na lini. Mfano mwingine ni pafu: kwa kinundu kimoja kigumu (kwenye ripoti huandikwa "solid nodule"), chini ya milimita 6, kwa mtu asiye na hatari kubwa ya saratani, kwa kawaida hakuna haja ya kurudia picha. Kikiwa cha 6 hadi 8, hurudiwa baada ya miezi 6 hadi 12.